Mrejesho: nimemwacha guru wangu

Ndugu zangu, asanteni sana. Niliuliza kama nimwache guru wangu, yaani mwalimu wa kiroho wa Kihindu, aliyenipa mantra (maneno matakatifu ya kurudiarudia), kwa kuwa alitukataza kujifunza kwa mwalimu mwingine yeyote. Ushauri wa kuzungumza naye kwanza niliufuata: alipokuja Malindi nilimgusa miguu kwa heshima, nikamweleza. Haikusaidia, alikasirika. Kilichonituliza ni yule aliyenikumbusha habari za Dattatreya, mtakatifu wa maandiko ya Kihindu, aliyehesabu walimu 24, miongoni mwao ardhi, nyuki na chatu. Kumbe kuongeza mwalimu si usaliti! Nimeondoka bila kumsema vibaya. Mantra naendelea nayo kila alfajiri, na siku ya Guru Purnima, sikukuu ya kuwaheshimu maguru, nitamwombea heri. Mama bado ameninunia, hataki hata kulisikia jambo hili. Shangazi ndiye anayenisaidia kuzungumza naye, taratibu.