Kichuguu kina mti, shimo na uyoga: nikibomoe?

Chipukizi: Wakuu, shambani kuna kichuguu kirefu kunizidi. Juu umeota mkwaju, ubavuni kuna shimo la kupita mtoto, na mvua zikianza uyoga unachomoza pembeni. Nataka kupanda mahindi mpaka hapo. Nikibomoe? Uyoga unalika?

JembeKali: Kwanza jua kama kiko hai. Toboa tundu la ngumi karibu na kilele. Askari wakitoka papo hapo, na kesho yake ukute limezibwa kwa udongo mbichi, mchwa wamo. Kukwangua juu ni kujichosha: chumba cha malkia kiko chini, kuta zake ngumu, na vibarua watajenga upya. Kiache, acha na hatua chache bila mahindi. Ondoa mabua makavu hapo, maana ndiyo yanayowaita.

Nyayo: Shimo hilo si la mchwa, huchimbwa na muhanga, mnyama anayekula mchwa. Akihama wanaingia ngiri, nungunungu, fisi, hata chatu. Usisimame mbele ya mdomo wa shimo! Ngiri huingia kinyumenyume, kwa hiyo akikurupuka anatanguliza meno. Utando wa buibui uliotanda mlangoni unaonyesha hakuna mnyama mkubwa aliyepita karibuni, ila nyoka hupenya pembeni, mkono usiingize. Kenge naye hutaga humo mvua ikilainisha udongo, mchwa wanaziba, mayai yanabaki kwenye joto lisiloyumba.

Kofia: Uyoga wa kichuguu hutoka kwenye masega ya kuvu ambayo mchwa wanayalima chini kwa chakula chao. Ukiua mchwa, uyoga nao basi. Chimba taratibu, usivute: wa kweli una mzizi mrefu unaozama kuelekea kwenye masega, na aghalabu kofia ina kinundu katikati. Kisha laza kofia kwenye karatasi nyeupe usiku kucha. Unga utakaodondoka hapo ukiwa wa krimu au waridi ni dalili njema. Wa kijani, tupa, ni sumu. Dalili hizi hazitoshi peke yake: mwonyeshe anayeujua kabla ya kupika.

Chipukizi: Nimewapata. Na udongo wake je, nikiupeleka kwingine shambani?

JembeKali: Chukua wa kichuguu kilichokufa. Ni mfinyanzi ulioletwa kutoka chini, unasaidia shamba la kichanga kushika maji. Ponda mabonge, sambaza, changanya kabla ya mvua. Samadi bado utahitaji. Kama shamba lako ni la mfinyanzi tayari, usijisumbue.