Yule fundi wa rimoti wa kontena la bluu leo amenidhalilisha mbele ya kijiwe kizima!!!

MamaWawili_Tabata:
Wakuu, naandika huku mikono inatetemeka, na wasimamizi naomba huu uzi msiufute. Jina sitaji na wala hakuna haja. Kila mwenye gari la kuwasha kwa kubonyeza swichi mji huu anamjua. Yule. Wa kontena la bluu. Anayevaa miwani ya jua hata Magharibi imeshaadhiniwa.

Leo, saa saba mchana, jua la utosi, wazee wamejaa pale kwenye kahawa, mimi mtu mzima, nina ofisi yangu, nina watoto, naulizwa: "Dada, hili gari ni lako au la shemeji?"

LA SHEMEJI!

Kijiwe kilianguka. Muuza kahawa alicheka mpaka birika likamponyoka. Wateja wa saluni ya ng'ambo ya barabara walitoka na dawa kichwani kuja kuuliza nini kimechekesha. Nadhani hadi Kibaha walisikia.

Sasa mnisikilize. Gari liligoma kufunguka. Nashika kitasa, kimya. Nabonyeza rimoti, kimya. Gari lenyewe ni mtumba wa Japani, kitabu chake ni Kijapani jalada hadi jalada, na lilikuja na ufunguo mmoja tu, mnajua wenyewe. Na kontena lake liko hatua chache kutoka nilipoegesha, basi nikamwita.

Akaja anajivuta. Akaichukua rimoti, akasukuma kidude cha pembeni, akachomoa ufunguo wa chuma uliofichwa humo humo ndani. Akabandua kifuniko kwenye kitasa cha mlango wa dereva, kumbe nyuma yake kuna tundu. Akazungusha, mlango ukafunguka, na alamu ikaanza. Honi! Taa zinawaka na kuzima! Mtaa mzima shingo zimegeuka, wanatafuta mwizi ni nani. Na yeye badala ya kuzima akaegemea mlango WANGU, akakunja mikono, akaniuliza lile swali.

Alijua alamu italia! Gari lililofungwa kwa rimoti, ukilifungua kwa ule ufunguo wa chuma linaamini linaibiwa, limetengenezwa hivyo. Yeye kazi yake ndiyo hiyo kila siku. Neno moja tu lingetosha: "Dada, litapiga kelele, usishtuke." Hakulisema. Aliiacha ilie mpaka watu wajae ndipo aulize la shemeji.

Alipotosheka ndipo akakanyaga breki, akaigusisha rimoti kwenye swichi, akabonyeza, gari likawaka, kelele zikaisha. Rimoti ikifa betri bado ndani mna chipu isiyohitaji betri, na gari linaisoma ukiisogeza pale. Hilo pia hakuniambia, nimelijua jioni. Mimi aliniambia "kompyuta imepoteza kumbukumbu, lazima irudishwe." Akaingia na rimoti kontenani, akatoka anajifuta jasho utadhani ametoka kuchimba kisima. Laki na nusu.

Nyumbani mtoto wa dada yangu, kidato cha pili, kaifungua rimoti. Ndani mna betri mpya inang'aa, ile ya duara, CR2032. Basi! Hiyo ndiyo kumbukumbu iliyorudishwa! Dukani ni elfu chache.

Lakini hela si hoja, hela inatafutwa. Mbele ya wazee wale, alamu inalia, mtu anakunja mikono: la shemeji?

Chuma Chakavu:
Pole sana dada. Ila swali bado halijajibiwa.

Kaka wa Segerea:
😂😂😂 Chuma Mungu anakuona. Mimi nasubiri shemeji mwenyewe aje atoe tamko.

MamaWawili_Tabata:
Kadi ina jina LANGU! Mkopo nimelipa MIMI! Mwanaume akiwa na rimoti imekufa anaulizwa gari la mke wa nani?

Fundi Mstaafu:
Mleta uzi tulia kidogo. Alichokufanyia si uungwana, ila wengine wajifunze. Ukisogea, gari ndilo linalouita ufunguo, yaani hiyo rimoti, kwa masafa ya chini, kilohezi 125 hadi 134, na wito huo unafika kama sentimita 70 kutoka kwenye kitasa. Ufunguo ukiusikia unajibu kwa masafa ya juu. Magari ya Japani mengi ni karibu megahezi 315. Betri ni ya volti 3. Ikichoka, unaanza kuona lazima ubandike mkoba wenye ufunguo mlangoni ndipo likusikie. Hiyo ndiyo dalili. Chini ya mnara wa redio nako linaweza kugoma, au ufunguo ukiwa umelala juu ya simu.
Na msitundike ufunguo ukutani karibu na gari linapolala, vinaitana usiku kucha na betri zote mbili, ya gari na ya ufunguo, zinaumia. Kwenye Toyota nyingi unashikilia kitufe cha kufunga, unabonyeza cha kufungua mara mbili, kitaa cha ufunguo kinawaka na kuzima mara nne, ufunguo unalala. Ukitaka uamke bonyeza kitufe chochote.

Kaka wa Segerea:
Mzee tumekuja kucheka, wewe umefungua chuo cha ufundi cha VETA.

Zuhura wa Mbagala:
Afadhali wewe mama umeulizwa swali. Mimi yule kijana anayeosha magari pale darajani, mnamjua, aliniitia SHEHE. Nimekaa kwenye benchi karibu na gari, ufunguo uko kwenye pochi. Anamwagia maji mlango, loki zikaanza tak, tak, zinafunguka zinajifunga. Katupa ndoo, anapiga kelele gari lina jini! Watu wakajaa, mmoja ananiuliza gari nimelitoa wapi. Kumbe kitasa kina sensa ya kuguswa, maji yakipita na ufunguo upo karibu kinadhani ni mkono. Mpaka leo mtaani naitwa Mama Jini.

Chuma Chakavu:
Mama Jini 😭😭 huu uzi umepata mwenyewe.

MamaWawili_Tabata:
Jini linaombewa linatoka. La shemeji mimi nalitoaje?

Mbeba Box wa Birmingham:
Huku Uingereza kuna balaa lake. Gari langu ukibonyeza kufunga mara mbili, milango haifunguki hata kwa ndani, imewekwa hivyo ili mwizi akivunja kioo asifungue. Mjomba kaja kututembelea, kasinzia siti ya nyuma, mimi nikafunga kwa mazoea nikaingia dukani. Natoka namkuta amebandika uso kwenye kioo. Ameandika kwenye grupu la ukoo kwamba nilitaka kumuua nirithi shamba la Rombo. Shamba lenyewe halina hata mgomba!

Kisiki:
Nyie hamjui wizi. Huko Ulaya mmoja anasimama na kifaa karibu na mlango wa nyumba, mwenzake karibu na gari, wito unarefushwa, gari linaamini ufunguo umefika. 2016 ADAC, chama cha wenye magari cha Ujerumani, walijaribu magari zaidi ya 20, wakafungua na kuwasha. Hifadhini funguo kwenye kopo la chuma, mfuniko ukae sawasawa.

Zuhura wa Mbagala:
Huyo ndiye anayewafundisha waume zetu! Wangu kachukua kopo langu la maandazi, kaweka ufunguo. Maandazi yanalala kwenye mfuko wa nailoni.

Kaka wa Segerea:
Sasa mwizi wenu wa kweli ni yule wakala aliyewaletea magari. Japani gari linatoka na funguo mbili. Ya pili inapotelea wapi? Ukiuliza anakwambia "boss, ndivyo lilivyoshuka."

Kisiki:
Ufunguo ni nini? Mimi jeki ilishuka baharini ikaogelea.

Mbeba Box wa Birmingham:
La mdogo wangu lilikuja bila redio. Nyaya zinaning'inia.

MamaWawili_Tabata:
Jamani turudi kwenye mada. Kesho naenda pale kontenani na kadi ya gari mkononi.

Chuma Chakavu:
Redio si kitu. Mimi nilifungua buti njia ya Chalinze nina pancha, pa tairi la akiba pana matambara.

Kaka wa Segerea:
Tairi saizi gani mkuu? Ninalo la 14 limekaa tu ndani, njoo inbox.