Golikipa: macho yaweza kufunzwa?

kipa_kisauni:
Jamani, mimi nadaka huku Kisauni, krosi nazisoma vizuri lakini penalti nashtukia mpira uko nyavuni tayari, kuna mazoezi ya macho kweli?

kochi_tononoka:
Yako kaka. Penalti ni mita 11, shuti kali lafika chini ya nusu sekunde, ukingoja uone mpira waenda wapi ushachelewa, tazama nyonga na ule mguu wa kusimamia. Halafu andika namba kwa mipira ya tenisi, mwenzio akurushie uitaje kabla hujadaka.

binti_likoni:
Kwanza kapime macho, mdogo wangu alihangaika na mazoezi miezi kumbe ataka miwani tu. Mie nacheza netiboli, kabla kurusha nayatuliza macho kwa ringi, Joan Vickers wa Kanada ndiye alolitafiti hilo, na lasaidia mno