Wafadhili wa filamu, kwani Mmasai ni wa makala tu?

Wakuu, mnisamehe, leo naandika nikiwa nimefura. Barua pepe imeingia saa nne asubuhi, mpaka sasa sijatia kitu mdomoni.

Mimi ni Mmasai wa Simanjiro, huu mwaka wa tisa nahangaika na filamu. Nina skripti ya tamthilia, vipindi 6, vijana wanne wa Kimasai, wasusi, waliopanga chumba kimoja Manzese, Dar. Mmoja kauza ng'ombe wa baba yake kimyakimya, hela kaimaliza kwenye kubeti, na mzee yuko ndani ya basi anakuja mjini. Basi, ndiyo hadithi. Simba hamna, wala hakuna anayerukaruka jua likizama. Wakigombana wanagombana Kimaasai, mteja akiingia wanageukia Kiswahili. Bajeti milioni 38, na hapo kamera ya kuazima.

Barua pepe yenyewe ni jibu la mfuko mmoja wa kufadhili filamu (siwataji, wenyewe wanajijua): hadithi nzuri, ila haionyeshi utamaduni wa jamii yangu. Aya ya pili wanasema nikileta wazo la filamu ya makala, yaani ya mambo halisi si ya kutunga, ya dakika 10 kuhusu maji au ukeketaji, milioni 4 zipo. Fomu yao ina sehemu ya "mada", lazima utiki: tabianchi, jinsia, maji, mifugo. Mtoto aliyekula ng'ombe wa baba yake sijui nimtiki wapi.

Makala za maji sizipingi, yeyo (mama) wangu kabeba ndoo tangu sijazaliwa. Ninachouliza, mbona muongozaji wa Sinza anatunga mapenzi, wivu, mirathi, hadi majini na mapepo, na hakuna anayemuuliza kitu, ila mimi nikishika kamera natakiwa kutoa ripoti?

Televisheni nako yale yale: kanuni za utangazaji zinataka Kiswahili au Kiingereza, kageuze mazungumzo yote. Nikigeuza anabaki yule mlinzi wa getini wa bongo muvi, rungu mkononi, Kiswahili cha kuchapia, watu wacheke. Na mara nyingi anayemwigiza wala si Mmasai.

Msije na "haiwezekani". Australia wana kitengo cha kufadhili filamu za wazawa tangu 1993, na hela ilikwenda kwenye hadithi za kutunga, wakianza na filamu fupi. Warwick Thornton alipita humo humo, na mwaka 2009 akabeba Caméra d'Or, tuzo ya filamu ndefu ya kwanza ya muongozaji, kwenye tamasha la Cannes, Ufaransa, kwa hadithi ya vijana wawili wanaopendana, ambao hata hawaongei sana. Mwaka 2012 wazawa wakawa na tamthilia yao kwenye televisheni ya taifa, ya watu wa mjini Sydney, wameiandika na kuiongoza wenyewe. Zacharias Kunuk, Muinuiti (wazawa wa kule kaskazini kwenye barafu) wa Igloolik, Kanada, alichukua tuzo hiyo hiyo ya Cannes mwaka 2001, filamu nzima kwa lugha yao, Kiinuktitut. Barafu imejaa humo, lakini kinachokukalisha ni wivu na mauaji.

Sasa sikieni hii. Mwaka juzi mfuko huu huu ulimpa hela muongozaji kutoka Ulaya, atengeneze hadithi ya kutunga. Kuhusu nani? Wamasai! Mimi nikawa mkalimani, elfu 60 kwa siku. Siku ya pili akataka mzee mmoja avue saa na kuficha simu, eti vinaharibu picha. Katambuga za tairi akazipenda, hizo zibaki. Mzee ana kisukari. Akanigeukia, akaniuliza kwa lugha yetu: "Huyu anadhani saa ya dawa naijua kwa kuangalia jua?" Muongozaji akauliza kasemaje. Nikamwambia kakubali.

Sehemu ya pili ya filamu hiyo wanakuja kupiga mwezi ujao. Nimeijua leo, kwenye barua pepe ile ile. Aya ya tatu wanauliza kama nitakuwa na nafasi ya kutafsiri.