Kufunza kisa cha Owino Uhuru: nianzie wapi?

Ticha_Jomvu: Walimu wenzangu, hamjambo? Nafunza Masomo ya Jamii gredi ya nane, Mombasa. Muhula huu nataka kufunza kisa cha Owino Uhuru, hapa hapa kwetu: kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari kilifunguliwa 2007 ubavuni mwa nyumba za watu, moshi na maji machafu vikaingia mtaani, watoto wakapatikana na risasi damuni, yaani lead, ile metali yenye sumu inayodhuru ubongo wa mtoto. Kilifungwa 2014. Kitabu changu kikifika kwenye majanga ni mafuriko na ukame, basi, mtoto anatoka akidhani kila janga ni kudura, hakuna wa kushtakiwa. Ila darasani nina watoto wanaotoka kule kule, na mmoja ni mzito kushika somo. Sitaki wenzake waanze kumnyooshea kidole. Nifanyeje?

Mama_Riziki: Mwalimu, usianze na maradhi. Anza na Phyllis Omido. Alikuwa mfanyakazi wa kiwanda, mwanawe mchanga akaugua, kumbe sumu ilipitia maziwa ya mama. Akatoka kazini akasimama na wakazi hadi kortini. 2015 akapewa tuzo ya Goldman, ya kimataifa ya watetezi wa mazingira. Hapo mtoto wa Owino Uhuru anainua kichwa.

Kemia_Nakuru: Hata mafuriko yana wenyewe! Hapa kwetu Solai, bwawa la Patel lilipasuka usiku Mei 2018, likaua watu zaidi ya 40. Mvua ilikuwa kubwa, sawa, lakini bwawa halikujijenga. Na sayansi usiiruke: mwili huidhania risasi ni kalisi, madini ya kujenga mifupa, ukaiweka mifupani. Haionekani wala hainuki, ndiyo maana wazazi hawakushtuka mapema.

Ticha_Jomvu: Shukrani, Mama Riziki, nitaanza na Omido. Halafu vikundi vigawe lawama, asilimia 100, kati ya kiwanda, wizara na NEMA (mamlaka ya serikali ya kusimamia mazingira), kabla sijawasomea hukumu ya 2020: fidia ya shilingi bilioni 1.3, na NEMA, waliopaswa kuwa walinzi, wakabebeshwa asilimia 40, kuliko hata kiwanda. Nina hakika wengi watakitwika kiwanda yote. Mahakama ya Rufaa iliifuta fidia 2023, Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024. Hilo litakula kipindi kizima. Wale watoto nitazungumza nao kando kwanza, na asiyetaka kusema asilazimishwe. Kuna mwenye muhtasari wa hukumu kwa Kiswahili chepesi?