Eti "injini imechoka"! Kaacha mabawa ya impela ndani!

Wakuu, yule fundi mnamjua, sina haja ya kumtaja. Kaondoka sasa hivi, bado namwona kwenye kidau anapiga makasia. Injini ya boti yangu inapanda joto, yeye kafungua pampu ya maji ya bahari, kaweka impela mpya (kile kigurudumu cha mpira chenye mabawa kinachosukuma maji), joto likapanda tena, akafuta mikono akasema: "Injini imechoka, tafuta nyingine."

Imechoka! Dizeli inayowaka kwa stata moja, haitoi moshi, oili safi!

Impela aliyoitoa ilikuwa ya mabawa 6, yamebaki 3. Mengine yako wapi? Mpira hauyeyuki. Maji huyasukuma mbele mpaka yakwame kwenye kona ya hosi au kwenye kipozeo, pale maji ya bahari yanapopoza injini. Funga valvu ya maji ya bahari, legeza klampu, chungulia hosi yote baada ya pampu, kisha fungua kifuniko cha kipozeo upande wa maji kuingia. Nimefungua: vipande vitatu vyeusi vimelala bapa juu ya midomo ya vijibomba. Dakika kumi, bisibisi na tochi. Halafu injini imechoka!

Na hiyo mpya kaipaka grisi. Grisi ya petroli huvimbisha mpira! Ni gliserini au maji ya sabuni, na mabawa yote yalale kuelekea upande mmoja. Mtu huyu ukimpa tochi iliyoishiwa betri atakwambia jua limekufa.

Bisibisi: Mkuu, impela inaachwaje mpaka imeguke mabawa? Ya akiba hukaa botini na gasketi yake. Nusu ya lawama ni zako.

Mwenye uzi: Soma vizuri. Silalamikii impela kukatika, hata mfuko wa plastiki ukiziba tundu la maji inakufa kwa kukauka. Nalalamikia INJINI IMECHOKA.

Demani: Ni huyo huyo! Injini yetu iligoma kuwaka, akapiga stata mfululizo na valvu ya maji iko wazi. Pampu inazunguka, maji yanajaza mafla ya ekzosi ambako hutokea, hakuna nguvu ya moshi ya kuyatoa, maji yanarudi mpaka kwenye silinda. Injini ikigoma, funga valvu kwanza, ikiwaka tu ifungue papo hapo.

Bisibisi: Hilo kweli, hapo hana utetezi.

Ngama Kavu: Afadhali nyinyi. Fundi wa umeme ndiye balaa. Swichi ya kuelea, inayowasha pampu ya ngama (chini kabisa ya boti, maji yanapokusanyika), kaiunga kwa kusokota waya na kuviringisha utepe! Shaba tupu, chumvi imepanda ndani ya ganda, waya umekuwa kijani hadi mbali. Waya uwe wa kupakwa bati, kiungo cha kubana chenye ganda la gundi linalosinyaa kwa moto, kikae juu ya ngama. Na volti zipimwe pampu ikiwa inafanya kazi, si imezimwa. Betri 12.6, kwenye pampu 10, basi 2.6 zimeliwa na viungo. Yeye kaniambia ninunue pampu.

Mwenye uzi: Kama wangu! Injini imechoka, pampu imekufa, kila kitu kinunuliwe!

Tanga Moja: Samahani wakuu, choo kinarudisha maji machafu kwenye bakuli, na mkono wa pampu umekuwa mgumu. Aliyekuja kasema nibadilishe choo kizima.

Ngama Kavu: Usithubutu. Kurudi ni ile valvu ya mpira ya kutolea, mdomo wake haufungi tena. Mkono mgumu ni chokaa, mkojo ukikutana na maji ya chumvi hugandia hosi.

Mwenye uzi: Jamani, uzi ni wa injini!

Tanga Moja: Siki itatosha?

Demani: Chokaa ikiwa nyembamba, mwaga siki ilale usiku mzima. Ikiwa nene, funga valvu za choo, ng'oa hosi, ipigepige kwenye gati. Chokaa hupasuka na kumwagika vipande vipande. Vaa glavu.