MREJESHO: Sola ya nyumba ya mama, Garissa

Wadau, niko Nairobi, na niliwauliza kama sola italipa kwenye joto na vumbi la kwa mama Garissa. Imefungwa, inapiga kazi. Ila jua kali si lazima lilete umeme mwingi: paneli hupimwa zikiwa na joto la nyuzi 25, na kila nyuzi inayozidi hapo hula kama asilimia 0.4 ya umeme wake. Zikifika 65, asilimia 16 imeenda. Ndiyo maana fundi aliacha nafasi ya upepo kati ya paneli na mabati. Vumbi hufutwa alfajiri, kabla kioo hakijapata moto. Kurudisha pesa? Friji na pampu sasa tunaziwasha mchana, tokeni za umeme tunazonunua zimepungua. Kinachochelewesha hesabu ni betri. Bei yake, jamani!